Jinsi ya kupima na kutibu maji ya bomba katika viunga vya Dar es Salaam: ugumu, chumvi na usalama

Nyumba tatu zinazopakana huko Goba, Madale au Kigamboni zinaweza kuwa na maji matatu tofauti kwenye koki zake. Ya kwanza imeunganishwa na mtandao wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ya pili inavuta kisima kirefu kilichochimbwa uani, na ya tatu hupokea yote mawili, pamoja na boza wakati wa mgao, na yote yakaishia katika simtanki moja juu ya mnara. Ndiyo maana hakuna jibu moja kwa anayeuliza maji ya mtaa wake yakoje, na anayenunua mashine kwa sababu jirani ameinunua anaweza kutumia fedha nyingi kuondoa kitu ambacho hakimo katika maji yake na kukiacha kile kilichomo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutenganisha maswali matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: kama maji ni magumu, kama yana chumvi, na kama ni salama kunywewa. Kila swali lina kipimo chake na tiba yake, na tiba ya tatizo moja inaweza kulizidisha jingine.

Kwanza, jua maji yanatoka wapi

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi hupeleka maji Kibaha, Kibamba, Mbezi na Kimara, ilhali mtambo wa Ruvu Chini, ulioko upande wa Bagamoyo, huhudumia ukanda wa Bunju, Tegeta na Kawe. Mto huo hubeba tope jingi wakati wa masika. Mtamboni tope hilo hugandishwa kwa dawa, huachwa litue, kisha maji huchujwa kwa mchanga na kutiwa klorini. Maji ya mto hayakai muda mrefu ndani ya miamba, kwa hiyo kwa kawaida hubeba madini machache kuliko maji ya kisima kirefu. Hata hivyo, kuwa na dira ya DAWASA mlangoni hakumaanishi kwamba unakunywa maji ya Ruvu, kwa kuwa mradi wa visima virefu vya Kimbiji, vinavyoteremka mamia ya mita ardhini, ulianza kuhudumia Kigamboni mwaka 2022, mwaka ambao ukame ulipunguza sana maji ya Ruvu na jiji likaingia katika mgao.

Visima vya watu binafsi vina historia nyingine. Mvua inapopenya udongoni hubeba hewa ya ukaa na kuwa na asidi kidogo, na ikikutana na mawe ya chokaa au matumbawe ya kale, ambayo yapo katika maeneo mengi ya pwani yetu, huyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo mawili ndiyo ugumu wa maji. Chumvi yenyewe, ile inayofanya maji yawe na ladha ya bahari, ni jambo jingine. Karibu na ufuko, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi, na kanuni inayotumiwa na wataalamu husema kwamba kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takribani mita 40 za maji baridi chini yake. Maana yake ni nzito kwa mwenye kisima: ukivuta kwa pupa hata usawa wa maji ukashuka mita moja, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda makumi ya mita. Kisima kilichokuwa na maji matamu mwaka wa kwanza na sasa kina chumvi huenda kimeharibiwa na pampu, na kukichimba zaidi kwenda chini mahali pa namna hiyo ni kuifuata bahari.

Chukua basi sampuli tatu kwa siku moja. Ya kwanza itoke kwenye koki iliyo karibu kabisa na dira, kabla maji hayajaingia kwenye tanki. Ya pili itoke kwenye mdomo wa bomba la pampu ya kisima, ikiwa unacho, baada ya pampu kufanya kazi kwa dakika kadhaa. Ya tatu itoke kwenye koki ya jikoni. Andika jina, tarehe na saa kwenye kila chupa. Wengi hupima maji ya jikoni peke yake, kisha wanailaumu mamlaka au mchimbaji wa kisima kwa jambo lililozaliwa ndani ya tanki lao wenyewe. Sampuli tatu humaliza ubishi huo kwa nusu siku.

Kupima ugumu nyumbani

Dalili za ugumu zinajulikana na kila anayefua: sabuni haitoi povu upesi, mabonge meupe huelea kwenye beseni, nguo nyeupe hupauka na kukakamaa, birika la umeme hujenga ukoko mweupe, na matundu ya bomba la mvua huziba. Chai huweka utando juu. Lakini dalili hazina kiasi, na mtu anayetaka kuamua kama anunue mtambo anahitaji kiasi.

Kipimo cha sabuni hakigharimu karibu chochote. Kwangua kijiko kimoja cha sabuni ya mche na uiyeyushe katika nusu lita ya maji ya mvua yaliyopashwa moto kidogo. Tumia sabuni ya mche kwa makusudi: sabuni ya unga na ile ya maji ya kuoshea vyombo nyingi zimetengenezwa ili zitoe povu hata kwenye maji magumu, kwa hiyo zitakudanganya. Maji ya mvua nayo yawe yamekingwa kutoka bati safi hadi kwenye ndoo ya plastiki, kwa kuwa tangi la saruji huongeza kalsiamu. Pima mililita 100 za maji ya mvua kwenye chupa angavu, kisha kwa sirinji isiyo na sindano ongeza nusu mililita ya maji ya sabuni, funga, tikisa kwa nguvu, na urudie mpaka povu lifunike uso wote na kudumu dakika mbili. Andika kiasi kilichotumika. Fanya hivyo hivyo kwa kila sampuli. Ukitoa kiasi kilichotumiwa na maji ya mvua, kinachobaki ndicho kipimo cha ugumu, na sampuli iliyotumia mara tatu ya nyingine ina ugumu wa karibu mara tatu. Maji yenye chumvi nyingi sana nayo huzuia povu, kwa hiyo kama ulimi unaonja chumvi usiuamini mtihani huu peke yake.

Rudia mtihani kwa maji yaliyochemshwa. Chemsha sampuli kwa dakika kumi sufuria ikiwa imefunikwa, iache ipoe na itue, mimina taratibu yale ya juu, kisha pima tena. Sabuni ikipungua sana, sehemu kubwa ya ugumu wako ni ya bikaboneti, ambayo moto huigeuza chokaa na kuiacha chini ya sufuria. Huu huitwa ugumu wa muda. Sabuni isipopungua, ugumu ni wa salfeti na kloraidi, na moto hautausaidia hata ukichemsha mchana kutwa. Tofauti hii ndiyo inayoamua hatua zote zinazofuata, na nashangaa jinsi wauzaji wa mitambo wanavyoitaja kwa nadra.

Kwa tarakimu, ugumu huandikwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu kwa lita. Mpangilio unaotumiwa sana huhesabu maji yenye hadi 60 kuwa laini, 61 hadi 120 kuwa magumu kidogo, 121 hadi 180 kuwa magumu, na zaidi ya 180 kuwa magumu sana. Ikiwa majibu ya maabara yanatoa kalsiamu na magnesiamu kila moja peke yake, zidisha kalsiamu kwa 2.5 na magnesiamu kwa 4.1, kisha jumlisha: maji yenye kalsiamu 60 na magnesiamu 20 yana ugumu wa 232. Mashine nyingi za kufulia kutoka Ulaya hutaka kipimo cha digrii za Kijerumani, na digrii moja ni sawa na miligramu 17.8, kwa hiyo maji ya 232 ni kama digrii 13. Ukishapata tarakimu ya maabara, unaweza kulinganisha nayo kipimo chako cha sabuni na kufuatilia maji yako mwenyewe kila msimu, mradi utengeneze maji ya sabuni kwa uzito ule ule na sabuni ya aina ile ile.

Ugumu si ugonjwa

Jambo hili linahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu hofu inauza mashine. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya. Kalsiamu na magnesiamu ni madini yanayohitajiwa na mwili, na ukoko unaouona kwenye birika haujengeki kwenye figo zako kwa namna ile ile. Hasara ya ugumu ni ya mfuko: sabuni nyingi, hita inayotumia umeme zaidi kwa sababu ukoko umezuia joto lisifike kwenye maji, koki zinazokwama, na maharage yanayochukua muda mrefu kuiva kwa kuwa kalsiamu hukaza maganda na nyama ya punje.

Kwa maharage na kande wengi hutia magadi, na kweli magadi hulainisha, lakini huongeza sodiamu kwenye chakula, na magadi yanayotoka maeneo ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Ni afadhali kuloweka usiku kucha kwa maji ya mvua au yaliyochemshwa na kutuliwa, kisha kumwaga maji ya kulowekea.

Kinyume chake pia ni kweli, na ni hatari zaidi. Maji yanayotoa povu vizuri si lazima yawe maji mema. Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, Arusha, kuna maji laini yenye floraidi nyingi kupita kiasi, kwa sababu pale kalsiamu inapokuwa chache hakuna cha kuishika floraidi na kuitulizia mwambani. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo kwa miaka, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa huharibika. Haionekani, hainuki, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Msomaji aliyehamia Usa River au viunga vya Arusha asitumie kipimo cha sabuni kama cheti cha usalama.

Kwa nyumba ya kawaida yenye ugumu wa wastani, tiba za bei nafuu zinatosha. Punguza joto la hita hadi kama nyuzi 60, kwa sababu ukoko hujengeka haraka zaidi maji yanapokuwa moto kupita hapo. Loweka kichwa cha bomba la mvua kwenye siki usiku mmoja, na kwa birika chemsha maji yenye siki au ndimu, acha kwa saa moja, kisha suuza mara kadhaa. Usichanganye kamwe siki, ndimu au asidi ya kusafishia choo na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu zetu nyingi ni ndogo na hazina dirisha la kutosha.

Chumvi

Kifaa kidogo cha kupima TDS, yaani jumla ya madini na chumvi zilizoyeyuka, kinauzwa kwa bei ambayo majirani wachache wanaweza kuchangia. Maji ya chini ya miligramu 600 kwa lita huonekana na wengi kuwa na ladha nzuri. Yakizidi 1,000 ladha huanza kukataliwa. Linganisha tarakimu hiyo na ugumu. Ikiwa TDS ni 1,200 na ugumu ni 250 tu, sehemu kubwa ya kilichoyeyuka ni kitu kingine, na karibu na bahari kitu hicho kwa kawaida ni chumvi ya kawaida. Pima kisima asubuhi kabla ya kuvuta, kisha baada ya pampu kufanya kazi kwa saa mbili. TDS ikipanda kadiri unavyovuta, unaivuta chumvi kuelekea kisimani, na dawa ya kwanza ni kuvuta kidogo kidogo, kwa pampu ndogo, mara nyingi zaidi kwa siku.

TDS haisemi lolote kuhusu vijidudu. Maji ya 80 yanaweza kubeba kipindupindu na maji ya 900 yakawa salama. Kuna pia onyesho ambalo wauzaji hulipenda: wanazamisha fimbo mbili za umeme katika glasi ya maji yako na maji yanageuka kahawia mbele ya macho yako, ilhali maji ya mashine yao yanabaki meupe. Rangi ile ni kutu ya fimbo zenyewe. Umeme hupita vizuri penye madini na kuiyeyusha chuma ya fimbo; mahali pasipo na madini hakuna kinachotokea. Ongeza chembe za chumvi ya mezani katika glasi ya mashine yao na umwombe muuzaji arudie.

Usalama, na tanki lililosahaulika

Maji yanayotoka mtamboni yakiwa na klorini hupoteza kinga hiyo polepole njiani, na kwenye viunga vilivyo mwisho wa mtandao huweza kufika yakiwa na kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita mahali maji yanapomfikia mtumiaji. Karatasi za kupimia klorini ya bwawa la kuogelea zinakutosha kwa kazi hii: chovya kwenye maji ya karibu na dira, kisha kwenye maji ya jikoni. Ikiwa klorini ipo kwenye dira na haipo jikoni, imeliwa ndani ya tanki. Harufu hafifu ya klorini inayowakera wengine ni habari njema.

Mgao ndio adui mkubwa. Bomba la mtaa linapokosa msukumo, maji machafu yaliyolizunguka, yakiwamo ya mitaro na mashimo ya vyoo, yanaweza kuingia kupitia nyufa, na maji yanaporudi husukuma uchafu huo wote mpaka kwako. Kwa hiyo weka koki ya kumwagia kabla ya tanki, na maji yanaporudi baada ya mgao yaache yatoke nje, umwagilie miti, mpaka yawe meupe, ndipo ufungue valvu ya tanki. Usiunganishe pampu moja kwa moja na bomba la mtaa ili kuvuta maji kabla ya wenzako. Mbali na kuwanyima majirani, kuvuta huko hunyonya uchafu huo huo kuingia kwenye bomba ambalo wao wanakunywa.

Tanki lenyewe lisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka. Wakati mzuri ni kabla ya masika na kabla ya vuli. Mwaga maji, sugua kuta na tope la chini kwa brashi isiyotumika kwingine, suuza, kisha lijaze na utie klorini kiasi cha miligramu 50 kwa lita. Kwa tanki la lita 1,000, hiyo ni gramu 50 za klorini: takribani lita 1.4 za dawa ya maji ya kung'arisha nguo yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni, au gramu 77 za unga wa klorini wa asilimia 65 uliokorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji. Fungua kila koki ya nyumba mpaka usikie harufu, funga, na uache usiku kucha. Asubuhi maji hayo yamwagwe mbali na kisima na bustani, kisha tanki lisuuzwe. Mtu asiingie ndani ya tanki peke yake wala wakati dawa ikiwamo. Mfuniko ukae sawasawa, na bomba la kufurikia lifungwe wavu; mijusi na mbu hawahitaji mlango mkubwa.

Kwa maji ya kunywa, kuchemsha mpaka yatokote kabisa kunaua vijidudu vinavyosumbua, hata kama ni kwa dakika moja. Mwenye kutumia dawa ya klorini ya dukani afuate kipimo cha kwenye chupa na asubiri dakika 30, na maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi au yatulizwe kwa shabu, kwa sababu tope huficha vijidudu na kuimaliza dawa.

Naitreti ni suala la pekee. Hutokea pale kisima kinapokuwa karibu na shimo la choo, na kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba hewa. Kuchemsha huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na naitreti hubaki. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuacha angalau mita 30 kati ya kisima na choo, lakini kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 umbali huo haupo hata ukipima kona kwa kona ya ua, na hata ukiupata kwako, shimo la jirani liko upande wa pili wa ukuta. Mwenye kiwanja cha namna hiyo achukulie maji ya kisima chake kuwa ya kuogea, kufulia na chooni mpaka maabara iseme vinginevyo.

Kupeleka sampuli maabara

Dar es Salaam kuna maabara ya Wizara ya Maji iliyoko Ubungo, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo hupima maji. Piga simu kwanza, uulize gharama na uchukue chupa zao. Omba ugumu, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloraidi, naitreti, floraidi, chuma, tope, na hesabu ya bakteria wa E. coli, ambao katika maji ya kunywa hawatakiwi kuwapo hata mmoja kwa mililita 100.

Chupa ya bakteria huja ikiwa imeuawa vijidudu, usiisuuze. Ondoa kichujio cha koki, futa mdomo wake kwa dawa au uuchome kwa moto kama ni wa chuma, acha maji yatiririke dakika mbili, jaza bila kugusa ndani ya mfuniko, weka kwenye kisanduku chenye barafu na uifikishe ndani ya saa sita. Chupa ya kemia isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale kisha ijazwe mpaka juu. Familia tano za mtaa zenye visima zikichangia sampuli mbili zilizochaguliwa vizuri, moja ya upande wa bondeni na moja ya mlimani, hupata picha ya mtaa kwa gharama ndogo, ingawa kipimo cha bakteria kinabaki kuwa cha kila nyumba. Pima kiangazi na upime tena masika, kwani mvua hushusha chumvi na kupandisha vijidudu.

Kuchagua mtambo

Mtambo wa kulainisha maji hubadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha miligramu 46 za sodiamu kwa lita, kwa hiyo maji ya ugumu wa 300 hupata sodiamu 138 juu ya ile iliyokuwamo. Unafaa kwa hita na mashine ya kufulia. Hauondoi chumvi, na kwa kisima ambacho tayari kina chumvi unaongeza. Nyumba yenye mtu wa shinikizo la damu iache koki ya jikoni nje ya mtambo huo. Maji yake ya kujisafishia, yaliyojaa chumvi, yasielekezwe kwenye migomba.

Mashine ya kuchuja kwa utando, ambayo wauzaji huiita RO, ndiyo inayoondoa chumvi, naitreti na floraidi, lakini hutupa lita kadhaa kwa kila lita moja inayotoa. Inatosha kuwa ndogo, chini ya sinki, kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Yanayotupwa yakusanywe kwa ajili ya choo na kudeki. Ukoko huziba utando upesi, kwa hiyo maji magumu sana yalainishwe kwanza kabla hayajafika hapo.

Kabla ya kununua chochote kati ya hivi, mwite fundi bomba atenganishe njia. Bomba la mtaa lipewe tanki lake dogo linalolisha jikoni. Kisima kipewe tanki lake linalolisha vyoo, bafu na bustani. Na pale njia hizo zinapolazimika kukutana, iwekwe valvu inayozuia maji kurudi nyuma, ili maji ya kisima yasisukumwe kwenye mtandao wa mtaa siku msukumo unapokatika. Kazi hiyo ikikamilika, safisha matanki yote mawili kwa klorini, tumia maji kwa kawaida mpaka harufu ya dawa iishe, kisha upeleke sampuli mpya ya jikoni. Kwa nyumba nyingi zilizo na dira, majibu ya sampuli hiyo yataonyesha kama mashine inahitajika au la.